Nafaka Mbili, Chakula na Dawa: Shayiri ya Ayurveda na Ulezi wa Mara katika Historia

Mgonjwa wa kisukari anayeishi Nyasho, katika Manispaa ya Musoma, hapungukiwi na washauri. Jirani humwambia aache sembe, ndugu aliye Dar es Salaam humtumia pakiti ya unga wa shayiri, na tangazo linalozunguka katika simu humhakikishia kwamba nafaka hiyo ni siri ya matabibu wa kale wa India. Wakati huohuo, hatua chache kutoka nyumbani kwake, ulezi hupimwa sokoni kwa kilo na kwa kopo, na hakuna anayeutangaza. Ulezi ni chakula cha mama aliyejifungua, cha mtoto anayeachishwa ziwa na cha mzee asiye na meno, basi. Hakuna anayedhani kwamba una historia ya tiba.

Makala hii inachunguza jinsi nafaka hizi mbili zilivyopata hadhi tofauti kiasi hicho mbele ya mkazi mmoja wa Mara. Hoja kuu ni kwamba tofauti hiyo haikutokana na yaliyomo ndani ya punje. Ilitokana na historia ya kumbukumbu na ya soko: maarifa ya nafaka moja yaliwekwa katika vitabu vilivyosafiri, na ya nyingine yalibaki kwa watu ambao sera za kilimo za karne ya 20 ziliwaelekeza kwingine. Hata hivyo, pana jambo linalopaswa kutangulia hoja hiyo, nalo ni kwamba vitabu vya Ayurveda havisemi kuhusu shayiri yale ambayo matangazo huyasema.

Shayiri katika maandiko ya Ayurveda

Katika Kisanskriti shayiri huitwa yava. Neno hilo limo tayari katika Rigveda, na kwa watu wa enzi hizo huenda lilitaja nafaka kwa jumla kabla ya kubana maana yake. Maandiko makuu ya tiba yalikuja baadaye sana. Charaka Samhita na Sushruta Samhita yalifikia sura yake ya msingi katika karne zinazozunguka mwanzo wa zama za Kikristo, na Vagbhata alitunga muhtasari wake maarufu karibu na karne ya 7. Vitabu hivi vyote vinaiweka shayiri katika sura ya vyakula kabla ya kuitaja katika sura za maradhi, na mpangilio huo una maana yake. Charaka anaiorodhesha miongoni mwa vitu vichache vinavyofaa kuliwa kila siku na mtu mzima wa afya, pamoja na aina teule za mpunga, choroko, chumvi ya mawe, samli, asali na maji ya mvua. Shayiri haikuanza kama dawa iliyogeuzwa chakula. Ilikuwa chakula ambacho tabia zake zilijulikana vya kutosha kiasi cha kuweza kukiagiza kwa mgonjwa.

Tabia hizo zinatajwa kwa maneno mafupi: ni kavu, ni baridi, ina utamu wenye ukakasi kidogo, huupa mwili uimara na nguvu, hupunguza kile ambacho tabibu wa pwani yetu angekiita balghamu, na huongeza upepo na choo. Sifa na hasara zimo katika sentensi moja. Mwandishi wa kale hakuona haya kusema kwamba chakula kinachomfaa mtu kinamjaza pia gesi tumboni.

Juu ya uzito wake, yaani ugumu wake wa kumeng'enywa, maandiko hayapatani. Kwa usomaji uliozoeleka, Charaka anasema shayiri si nzito, na Vagbhata anasema ni nzito. Ukiitazama sarufi, kiini cha mgogoro ni kidogo mno. Katika Kisanskriti, neno la "nzito" na neno la "si nzito" hutamkwa sawasawa yanapofuata neno la "baridi", kwa kuwa irabu ya ukanushi humezwa na ile iliyoitangulia. Sikio haliwezi kuyatofautisha, na alama inayoyatenganisha huonekana katika maandishi peke yake. Jambo hili linastahili kukumbukwa na kila anayeamini kwamba Ayurveda ni elimu ya vitabu na tiba zetu ni elimu ya midomo. Beti hizo zilikaririwa kwa moyo, mwanafunzi akizipokea kinywani mwa mwalimu, karne nyingi kabla ya kuchapishwa. Utata wa shayiri ni alama ya mdomo iliyobaki ndani ya kitabu.

Ugonjwa ambao shayiri inatajwa nao zaidi ni prameha, jina la kundi la maradhi ya mkojo ambalo ndani yake mna ule wa mkojo mtamu kama asali, unaolinganishwa leo na kisukari. Charaka anataka mgonjwa wa prameha aifanye shayiri kuwa chakula chake kikuu, na anataja mapishi mengi: wali wa shayiri, mikate, unga wa shayiri iliyokaangwa, kinywaji cha unga huo uliokorogwa kwa maji, na shayiri iliyolowekwa usiku kucha katika mchemsho wa matunda matatu na kuliwa kwa asali. Majivu ya mmea wake, yaliyochujwa hata kutoa magadi, yalitumiwa kwa vijiwe vya njia ya mkojo na kwa tumbo lililojaa.

Lakini kabla ya maagizo hayo kuna sharti ambalo matangazo huliacha. Charaka anawagawa wagonjwa wa prameha makundi mawili, mnene mwenye nguvu na mwembamba aliye dhaifu. Wa kwanza hupunguzwa na kusafishwa mwili, wa pili hulishwa na kujengwa. Chakula kikavu kinachokausha unyevu wa mwili kina mantiki kwa yule wa kwanza. Akipewa yule wa pili bila uangalizi, anazidi kukonda. Tofauti hiyo inakaribia sana ile ambayo kliniki za leo hufanya kati ya mtu mzima mnene ambaye insulini yake haifanyi kazi ipasavyo, na kijana aliyekonda ambaye mwili wake hautengenezi insulini. Sitaki kudai kwamba Charaka aliijua insulini. Madai ya aina hiyo yameziharibu tafiti nyingi za historia ya tiba. Ninachosema ni kwamba aliona wagonjwa wawili mahali ambapo muuza pakiti anaona mmoja.

Safari ya jina na ya bidhaa

Je, shayiri ilifikaje katika fikra za Waswahili? Lugha yenyewe inatoa ushahidi. Kama nafaka hii ingejulikana kwanza kupitia duka la Mhindi, huenda tungeiita kwa jina linalofanana na la Kigujarati, jav, ambalo ni mjukuu wa yava. Wahindi wametuachia maneno ya biashara na ya jikoni, gunia na chapati yakiwamo. Lakini shayiri ni neno la Kiarabu, na herufi zake za shina ni zilezile zilizotuletea shairi, sadfa ambayo walimu wa fasihi hupenda kuwachekesha nayo wanafunzi. Pamoja na jina yalikuja matumizi yake. Tiba iliyoandikwa kwa Kiarabu, ikirithi elimu ya Wayunani, ilithamini sana maji ya shayiri kwa wenye homa. Ibn Sina aliihesabu shayiri kuwa baridi na yabisi. Waislamu wa pwani waliijua pia talbina, uji wa shayiri uliotajwa katika hadithi kuwa faraja ya moyo wa mgonjwa na wa mfiwa. Wakristo waliikuta katika Injili ya Yohana, katika ile mikate mitano ya mtoto.

Baridi na yabisi: ndivyo pia Charaka alivyoieleza, ingawa kwa nadharia nyingine ya mwili. Na maneno hayo mawili hayakuishia kwa mabingwa. Msemaji yeyote wa Kiswahili anayelalamikia baridi yabisi ya magoti anatumia istilahi ya tiba hiyo ya kale bila kujua. Kwa hiyo, kuisema shayiri ya Ayurveda kwa Kiswahili si kuleta mambo ya ugenini kabisa. Lugha ilikuwa imekwisha kuandaa nafasi yake.

Katika ukanda wa Ziwa Viktoria, wenyeji wa Ayurveda walifika wakiwa wafanyabiashara. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli za ziwani ziliunganisha bandari ndogo za pwani zote, na maduka ya Wahindi yakafuata. Alidina Visram, aliyefariki mwaka 1916, alikuwa na mtandao wa maduka uliolizunguka ziwa kwa sehemu kubwa. Musoma ilikuwa sehemu ya biashara hiyo ya ngozi, samli, pamba na nafaka. Miongoni mwa familia hizo, Ayurveda ilikuwa kwanza elimu ya jikoni: manjano kwa kidonda, mbegu za viungo kwa tumbo, nafaka fulani kwa siku za mfungo. Elimu hiyo ilikaa nyuma ya duka, na mteja alisimama mbele yake. Serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha mwezi Aprili 1971, Waasia wengi waliondoka katika miji midogo ya Tanzania, na fursa ya mazungumzo ya kawaida baina ya jiko na jiko ikapungua zaidi.

Shayiri kama zao ilikaribia Mara kwa njia nyingine kabisa, ile ya bia. Haistawi vizuri katika joto la mwambao wa ziwa. Inapenda nyanda za baridi kama Monduli, Karatu na Kilimanjaro Magharibi. Mwaka 1984 kampuni ya bia ya taifa ilipewa ekari 10,000 huko Loliondo, upande wa pili wa Serengeti, ili kulima shayiri. Sehemu iliyolimwa kweli ilikuwa ndogo, kilimo kikaachwa baada ya miaka michache, na ardhi hiyo ikaja kuwa kiini cha kesi ndefu ya wafugaji wa Kimaasai. Anayetafuta shayiri katika historia ya kaskazini mwa Tanzania ataikuta kwanza katika hesabu za bia na mashauri ya ardhi kabla ya kuikuta katika tiba.

Ulezi, au nafasi ileile bila kitabu

Mtafiti akiuliza ni nafaka gani iliyoshika katika Mara nafasi ambayo shayiri iliishika kwa Charaka, yaani chakula cha kila siku ambacho tabia zake zinajulikana kiasi cha kuagizwa kwa mgonjwa, jibu ni ulezi. Waluo wa Rorya huuita kal, na majirani wa ng'ambo ya mpaka, kwa Kiswahili cha Kenya, huuita wimbi. Ni zao la kwetu kwa maana kamili. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, kuanzia Ethiopia hadi Uganda, na kutoka huku ulivuka bahari ukafika India katika zama za kale ambazo tarehe zake wanaakiolojia bado wanazibishania. Kusini mwa India unaitwa ragi na ni chakula cha mamilioni. Ayurveda iliupokea ndani ya kundi la nafaka ndogo, na kundi hilo lilipewa tabia zinazokaribiana na za shayiri: ukavu, ukakasi, utamu, kupunguza balghamu, kuongeza upepo. Kwa maneno mengine, nafaka ya Afrika ilikwenda kuandikwa ugenini, na kitabu kilichoitaja hakikurudi nayo.

Huku nyumbani ujuzi wake ulikuwa katika utendaji. Uji wa ulezi ulikuwa wa mzazi, ili arudishe damu na maziwa yatoke. Ulikuwa pia wa mtoto, na wa mtu aliyetoka katika homa. Pombe ya ulezi ilihitajika katika matambiko, katika mahari na katika kazi za ushirika shambani, na kimea chake kiligeuza uji mzito kuwa togwa. Ghalani ulezi ulikuwa na faida ambayo mtama na mahindi havikuwa nayo: punje zake ndogo na ngumu haziliwi kirahisi na wadudu, hivyo huweza kukaa miaka. Vagbhata na wenzake walisisitiza kwamba mgonjwa apewe nafaka iliyokaa, si iliyovunwa jana. Familia ya Mara iliyofungua ghala la ulezi wa misimu iliyopita ili kumlisha mgonjwa ilifanya hivyohivyo, ingawa sababu yake ya kwanza ilikuwa hofu ya njaa.

Kimea kinastahili maelezo zaidi, maana ndipo mahali ambapo ujuzi wa kina mama uliingia katika maabara na kutoka ukiwa umethibitishwa. Ulezi ukilowekwa, ukaachwa uote na kukaushwa, hujitengenezea vimeng'enya vinavyovunja wanga. Kijiko kimoja cha unga huo kikitiwa katika uji mzito, uji hulegea bila kuongezwa maji. Tatizo la mtoto wa miezi minane ni kwamba tumbo lake ni dogo: uji mwepesi humshibisha maji, na uji mzito hawezi kuumeza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Tanzania, pamoja na Taasisi ya Chakula na Lishe iliyoanzishwa mwaka 1973, waliitumia mbinu hiyo kutengeneza vyakula vya kulikiza vyenye nguvu nyingi katika ujazo mdogo, na unga wa kimea ukapewa jina la unga wa nguvu. Viwanda vya bia hufanya kazi hiyohiyo kwa shayiri. Tofauti ni kwamba mmea wa bia una wahandisi na hesabu za fedha, na mwanamke wa kijijini Butiama aliyejua siku ya kuacha kulowesha na siku ya kuanika hakuwa na jina katika daftari lolote.

Kwa nini basi ulezi ulirudi nyuma? Sababu ya kwanza iko shambani. Ulezi mchanga hufanana mno na magugu ya jamii yake, na palizi yake inataka mikono mingi na macho mazuri. Pamba ilipoenea Musoma chini ya Waingereza, ilidai mikono hiyohiyo. Nzige wa mwanzoni mwa miaka ya 1930 waliishawishi serikali ya kikoloni kusukuma mihogo kama kinga ya njaa, kwa kuwa mzizi uliofukiwa hauliwi na nzige, na amri za kulima mihogo zikatekelezwa kupitia watemi. Ndivyo ugali wa udaga, peke yake au pamoja na mtama, ulivyokuja kuwa chakula cha kawaida cha mwambao wote kutoka Majita hadi Musoma. Sioni haki kuulaumu muhogo. Umeokoa watu wengi kuliko nafaka yoyote ya eneo hili.

Baada ya uhuru, mkazo ulihamia kwenye mahindi. Ukame na uhaba wa miaka ya 1973 na 1974 ulizaa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na bei moja ya mahindi kwa nchi nzima ikamfanya mkulima wa mbali auze kama wa karibu. Shirika la Taifa la Usagishaji lilisambaza sembe mijini kwa bei iliyofidiwa na serikali hadi mwaka 1984. Mazao yanayostahimili ukame yalipandishiwa bei pia, lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 shirika hilo lilijikuta na shehena za mtama na muhogo ambazo wakazi wa miji hawakuzitaka. Ladha ya mjini ilikuwa imekwisha kuamuliwa. Mtoto aliyekua Nyasho katika miaka hiyo alijifunza kwamba ugali ni mweupe, na kwamba weusi wa ulezi ni wa kijijini au wa hospitali.

Kilichopotea hapo ni zaidi ya chakula, na ndipo mwanahistoria anapoingia. Jan Bender Shetler amechapisha, mwaka 2003, historia zilizoandikwa na wazee wa Mara ya Kusini wenyewe, kazi yenye thamani kubwa kwa kila mtafiti wa mkoa huu. Historia za aina hiyo huelekea kwenye mambo ambayo wazee wanaume waliyaona kuwa ndiyo historia: asili za koo, uhamaji, miko, vita. Sufuria halina ukoo. Elimu ya tiba, nayo, ilipoanza kutafutwa rasmi, ilitafutwa kwa waganga na katika miti: kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilichoanzishwa Muhimbili mwaka 1974 kilikuwa na kazi kubwa ya mizizi na magome mbele yake. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliweka baraza la kuwasajili waganga na dawa zao, na ikatenga mlango wa tiba zilizotoka nje ya nchi. Ayurveda ina mlango huo. Uji wa ulezi wa mzazi hauna mlango wowote, kwa kuwa si mzizi, wala aliyeupika si mganga.

Mbele ya mgonjwa wa leo

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikadiria kwamba watu 9 hivi katika kila 100, wenye umri wa miaka 25 hadi 64, walikuwa na kisukari. Swali la nafaka, kwa hiyo, si la makavazi.

Shayiri nzima ina nyuzinyuzi laini ziitwazo beta-glukani, kwa kawaida asilimia 4 hadi 6 ya punje, zinazotengeneza ute tumboni na kuchelewesha sukari kuingia katika damu. Mamlaka za chakula za Marekani na Ulaya zimekubali baadhi ya madai yake kuhusu moyo na sukari baada ya mlo. Ina pia protini za jamii ya gluteni zinazowadhuru watu wachache wasiozimudu. Ulezi hauna gluteni, na kwa madini ya chokaa unaishinda mbali: miligramu 340 hivi katika gramu 100, karibu mara kumi ya shayiri. Lakini ulezi uliosagwa laini na kupikwa uji mwepesi wenye sukari humeng'enywa upesi, na mgonjwa anayeunywa akidhani ni dawa anaweza kupandisha sukari yake. Namna ya kuusaga na kuupika ni sehemu ya agizo. Charaka alilijua hilo kwa shayiri, ndiyo sababu hakuandika jina la nafaka peke yake, akaandika mapishi, kinachochanganywa nacho na mwili wa atakayekula. Wala hakuna nafaka kati ya hizi mbili iliyoonyeshwa kuweza kuchukua mahali pa vidonge au insulini, na mgonjwa mwembamba anayeacha sindano kwa ajili ya pakiti ndiye hasa yule ambaye kitabu chenyewe kiliagiza ashughulikiwe kwa namna nyingine.

Upande wa ulezi, maagizo ya namna hiyo yalikuwapo. Wapo bado, Bunda, Butiama na Tarime, wanawake wanaojua ni uji upi wa mzazi na upi wa mwenye kuhara, upi huchachushwa na upi hutiwa kimea, na nani hapewi kabisa. Wengi wao walijifunza kupalilia ulezi kabla ya mwaka 1974. Mahojiano nao yanapaswa kuanza na majina ya mapishi kwa lugha zao, kabla ya mtafiti kuwauliza lolote kuhusu maradhi.